Debe la Baraka

Siku ndege ilipoanguka, Safiyo alikuwa anaanika mashati ya Wazungu kwenye seng'enge nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Mashati kumi na mawili, yote ya memsahibu mmoja wa upande wa Njoro ambaye kifungo kimoja kikikosekana anakuita mwizi. Ilikuwa saa sita, na jua lilikuwa lile la Nakuru linalochoma utosi kabla mvua haijaja. Safiyo akasikia injini inalia vibaya, kama ng'ombe anayevuta mkokoteni kwenye matope. Akageuka. Ndege ilikuwa imefika karibu na mwisho wa kiwanja cha ndege na magurudumu bado yanagusa nyasi.

"Panda," akasema peke yake, kama mtu anayemsihi mtoto. "Panda, wewe. Panda!"

Ikapanda kimo cha mtu tu. Gurudumu likanasa waya wa ua, pua ikainama, na ndege ikajikunja ng'ambo ya barabara ya Kariandusi. Dawa ya kuua viwavi ikamwagika yote, harufu ikafika mpaka kwenye mashati.

Rubani alikuwa Bwana Toby, kijana mwenye madoadoa usoni. Alitolewa mguu umevunjika mahali pawili. Aliyemkata mikanda kwa kisu na kumbeba mgongoni alikuwa Darweshi, mume wa Safiyo, na Darweshi ndiye aliyekuwa mpakiaji.

Kazi ya mpakiaji ilikuwa hivi. Anapanda ngazi, anapewa debe la dawa, analimwaga kwenye tangi la ndege, na kila debe analitaja kwa sauti ili karani Masinde, aliyekaa kivulini na daftari lake, aandike ile hesabu ya mwisho. Na Darweshi alikuwa na mtindo wake. Debe la kwanza halihesabu. Anasema, "Baraka!" Ndipo anaendelea: "Moja! Mbili! Tatu!" Alisikia wapima nafaka wa sokoni wakianza na baraka alipokuwa mdogo huko Bondeni, na akaona ni vizuri kumtanguliza Mungu kabla ya kitu kinachoruka. Hakuna aliyemuuliza. Kiwanja kizima kilizoea wimbo wake, hata Bwana Toby alikuwa akiitikia "Baraka!" kutoka kwenye kiti chake.

*

Mwenye ndege zote mbili za kiwanja kile aliitwa Bwana Penrose, lakini watu walimwita Bwana Sasa Hivi, kwa sababu hakuwa na neno lingine. Alikuja nyumbani kwa Darweshi saa kumi ile ile, kwa miguu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Chumba kilikuwa kimoja tu, na kitanda, na jiko, na Nuria wa miaka mitano amekaa juu ya kitanda. Bwana akasimama mlangoni na kofia yake kichwani.

"Darweshi. Kesho nakuja mzungu ya serikali, ile ya ndege. Yeye nauliza, debe ngapi ilikuwa ndani. Sikia?"

"Nasikia, Bwana."

"Wewe nasema, Bwana Penrose alisema nane. Mimi nahesabu mbaya. Basi. Yeye hapana funga wewe, wewe hapana rubani. Iko kelele kidogo, halafu kwisha."

Darweshi akaangalia mikono yake. Ilikuwa bado na damu ya Bwana Toby kwenye kucha.

"Lakini Bwana," akasema polepole, "wewe ulisema kumi. Tangu Jumatatu. Ulisema viwavi watamaliza ngano yote, tutie kumi."

"Maneno gani hii? Mimi nasema nane!" Bwana akapiga mlango kwa kiganja. Halafu akashusha sauti. "Wewe nasaidia mimi, mimi natoa barua mzuri. Nyumba hii nakaa. Kama hapana saidia, hapana nyumba, hapana barua. Nani nachukua mtu ya Nakuru hapana barua? Siku hizi?"

Hakuwa anadanganya. Zama zile mtu bila barua ya bwana wake wa mwisho alikuwa kama mbuzi asiye na mwenyewe. Askari akikusimamisha njiani anataka barua, tajiri akikuandika anataka barua.

Safiyo akasema, "Bwana, na huyo kijana aliyevunjika akiuliza ni nani alimjazia?"

"Mama, wewe nyamaza. Hii maneno ya ndege. Wewe maneno yako shati." Akaondoka. Hakufika mbali, akarudi kwa hatua mbili kumwambia kwamba shati lake la bluu analihitaji kesho asubuhi, sasa hivi.

*

Jioni ile, jua likiwa bado kwenye vilele vya Menengai, Safiyo alikuwa anapima unga wa ugali. Darweshi amekaa kwenye kizingiti, anachora chini kwa kijiti.

"Baba Nuria, niambie tena," Safiyo akasema. "Nisikie mwenyewe. Leo ulitia ngapi?"

"Nimekwambia. Kumi."

"Hesabu kama unavyohesabu pale."

"Mama Nuria, niache."

"Hesabu!"

Akachukua kikombe cha unga, akawa anamimina kimoja kwenye sufuria kwa kila neno, na Darweshi akaimba kwa uchovu, "Baraka. Moja. Mbili..." Safiyo akaacha kumimina. Kikombe kilibaki hewani.

"Nimemimina vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Angalia sufuria."

Darweshi akaangalia: vilikuwa vitatu. Akamwangalia mkewe.

"Baba yangu alipima mtama pale soko la Bondeni miaka ishirini," Safiyo akasema. "Alikuwa anasema 'Baraka', halafu 'pili'. Baraka *ndiyo* moja. Inakaa mahali pa moja. Wewe unasema Baraka, halafu unaanza upya na moja."

Nuria akauliza kama ugali umeharibika.

"Kumbe yalikuwa kumi na moja," Darweshi akasema. "Na siku zote za nane, yalikuwa tisa." Akajishika kichwa. "Ya Rabi. Kimaiyo."

Kimaiyo alikuwa mlinzi wa stoo, mtu wa Olenguruone, mpole, anayekula kwa aibu. Madebe yalikuwa yanapungua kila wiki na daftari linasema yametumika machache kuliko yaliyotoka. Bwana Sasa Hivi akasema ni mlinzi anauza. Miezi miwili nyuma Kimaiyo alifukuzwa, na kwenye barua yake likaandikwa neno *mwizi*. Siku ile alipoondoka alimpa Darweshi mkono, na Darweshi, Mungu amsamehe, alimpa vidole tu.

"Basi bwana amesema kweli," Darweshi akasema. "Mimi sijui kuhesabu. Nitasema hivyo hivyo anavyotaka, tumalize."

"Amesema kweli wapi?" Safiyo akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Kwenye ndege pameandikwa ibebe ngapi?"

"Nane. Masinde alinisomea."

"Yeye aliamuru ngapi?"

"Kumi."

"Wewe ukaongeza?"

"Moja."

"Basi si ngumu. Yako ni moja. Ichukue, usiipunguze, usimwachie mtu. Lakini mbili ni zake. Wewe ubebe na zake pia, wewe ni punda?"

"Atatutoa hapa."

"Atatutoa." Safiyo akaanza kusonga ugali, na alisonga kana kwamba ugali ndio Bwana Penrose. "Kwani hii ni nyumba ya baba yangu? Kesho kutwa atamleta Toby mwingine, atamjazia kumi, na wewe utakuwa umeshasema ni hesabu yako mbovu. Huyo akifa, barua yako nzuri utaisoma kwa sauti gani?"

Usiku ule Darweshi alikula, na mtu aliyekata tamaa hali chakula.

*

Mkaguzi alifika asubuhi na gari dogo la kijani. Watu walitegemea mtu mrefu mwenye bastola. Alishuka mzee mfupi wa kaptura, ana miwani, ana mfuko wa karatasi na futi ya kupimia. Kabla ya kumsalimia yeyote alikwenda kwanza kwa ile ndege iliyovunjika. Alipima umbali kutoka ua hadi kwenye alama ya gurudumu. Alisoma kibao kidogo cha chuma kando ya tangi na kukifuta vumbi kwa kitambaa chake. Aliagiza mizani ya ngano iletwe, akapima debe moja lililojaa, akaandika. Kisha akaenda nyuma ya stoo kuhesabu madebe matupu. Lundo la zamani lilikuwa limechukuliwa juzi na watu wa mashamba, na jana iliruka ndege ile moja tu, mara moja, kwa hiyo yaliyokuwepo yalikuwa ya safari ile ile.

Yalikuwa kumi na moja. Aliyahesabu mara mbili, akigusa kila moja kwa penseli.

Walikaa ndani ya stoo. Meza moja, mkaguzi upande huu, Bwana Penrose upande ule amekunja miguu, anavuta sigara. Karani Masinde alisimama katikati awe mkalimani. Darweshi alisimama bila kofia. Wanawake hawakuitwa, lakini Safiyo alikuwa amekuja na lile shati la bluu mkononi, limepigwa pasi, na kwa kuwa hakuna aliyelipokea, alibaki nalo mlangoni.

Bwana Penrose akaongea Kizungu kwa muda mrefu na kucheka mara mbili. Mkaguzi hakucheka. Akafungua daftari la Masinde, akalisoma kurasa za nyuma, kisha akarudi kwenye ukurasa wa jana. Akapitisha kidole kwenye mshono, palipobaki kipande cha ukurasa uliochanwa. Akamwangalia Masinde, na Masinde akaangalia dari.

"Darweshi," Masinde akasema, "anauliza, madebe yalikuwa mangapi na kwa nini."

Darweshi akajibu. "Mwambie yalikuwa kumi na moja. Mwambie, debe la kwanza mimi naita Baraka na silihesabu, hilo ni kosa langu, nimelijua jana, sikulijua kabla. Kwa hiyo moja ni yangu. Lakini Bwana aliamuru kumi, na kwenye ndege pameandikwa nane. Mbili si zangu."

Masinde akamgeukia mkaguzi. Akasema Kizungu. Sentensi fupi. Bwana Penrose akatingisha kichwa kwa kuridhika na kuzima sigara.

"Masinde," sauti ikatoka mlangoni.

Wote wakageuka. Safiyo alikuwa amelishika shati kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika Msahafu.

"Hujasema 'ten'," akasema.

"Mama, toka huko," Masinde akanong'ona.

"Mimi nafua nguo za memsahibu saba, Masinde. Najua 'ten shirt' na 'two trousa' na 'one sock imepotea'. Mume wangu amesema moja, na kumi, na nane, na mbili. Wewe umesema 'one' peke yake. Zingine umezimeza?"

"Nini hii? Toa hii mama!" Bwana Penrose akasimama. Mkaguzi akainua mkono, hakumwangalia hata, akainua mkono tu kama askari wa barabarani, na Bwana Penrose akabaki amesimama nusu.

Mkaguzi akavua miwani. Kumbe Kiswahili kidogo alikuwa nacho, kizito, cha mtu aliyejifunza uzeeni.

"Wewe mzee," akamwambia Darweshi, "sema tena. Polepole. Onyesha na vidole."

Darweshi akasema tena. Akaonyesha vidole vinane kwa kile kibao. Kumi kwa Bwana. Halafu akainua kidole kimoja, akakigonga kifuani kwake. Mkaguzi akaandika kila kitu.

"Karani," mkaguzi akasema. "Hii ukurasa ya jana. Nani naandika?"

Masinde alikuwa na watoto wanne Kakamega na ada za shule. Aliangalia meza, aliangalia Bwana, aliangalia shati la bluu. "Mimi, sir," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Niliandika kumi mchana. Jioni nikaambiwa nichane, niandike nane."

"Na kuna jambo lingine," Darweshi akasema haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Kimaiyo hakuiba. Madebe yaliyopungua ni yale yangu ya Baraka. Aliandikiwa mwizi bure."

Mkaguzi akatafuta maneno. "Hiyo... si kazi yangu. Mimi kazi yangu ndege."

"Andika hata hivyo."

Mkaguzi akamkodolea macho. Akainua penseli, akaandika.

*

Hakuna aliyepigwa wala kufungwa. Mkaguzi alifanya kazi yake kama fundi saa. Ndege ya pili, ile nzima, aliifunga usukani kwa waya na kuubana kwa kipande cha madini ya risasi chenye muhuri. Daftari na karatasi za ruhusa za Bwana Penrose alizitia kwenye mfuko wake, akamwandikia siku ya kufika Nairobi kujibu mbele ya wakubwa. Alieleza, Masinde akitafsiri sasa neno kwa neno, kwamba Nakuru iko juu na hewa yake ni nyepesi, na saa sita ya jua ndege hubeba kwa shida. Lile nane halikuandikwa kwa mapambo, na hata tisa lilikuwa kosa. Hapo alimwangalia Darweshi, na Darweshi hakuinamisha macho.

"Wewe hapana pakia ndege tena," mkaguzi akasema, "mpaka mtu nafundisha wewe kupiga alama kwa kila debe. Hii naandika pia."

"Ni haki," Darweshi akajibu.

"Hakuna kupakia kabisa!" Bwana Penrose akapaza sauti. "Toka! Toka leo! Hapana barua, hapana kitu!" Akalinyakua shati mkononi mwa Safiyo, akalikunja vibaya, likaharibika pasi yote.

Safiyo akaliangalia lile shati kidogo. Kisha akamgeukia mkaguzi, ambaye alikuwa anakusanya kalamu zake.

"Bwana, mume wangu hana barua sasa. Hayo uliyoandika, tupe na sisi."

Mkaguzi hakuelewa. Masinde akamfafanulia. Mzee akafikiri, akafungua mfuko, na kutoka chini ya karatasi ya kaboni akachomoa nakala ya maelezo ya Darweshi. Akaongeza chini kwamba huyu amesema kweli na ndiye aliyemtoa rubani, akaisaini. Akaipiga muhuri, akaipuliza ikauke.

Saa tisa mvua ikaanza. Walihama ndani yake, kitanda kichwani mwa Darweshi, jiko kichwani mwa Safiyo, Nuria amebeba sufuria kama kofia, wakishuka kuelekea Bondeni kwa shangazi.

*

Siku kumi na mbili Darweshi alizunguka mji. Kwenye kiwanda cha mbao walisoma karatasi mpaka pale pa "hesabu yake ilikuwa na kosa", wakamrudishia. Kwenye gereji walimcheka: "Mzee, barua ya kujishtaki mwenyewe tunaiona leo!" Msimamizi wa shamba moja la Elmenteita aliisoma yote na kusema huyu atatuletea serikali.

Jumamosi Masinde akaja kuwatembelea, aibu imemjaa, ana nusu ratili ya sukari. Habari alizileta. Kampuni imefungwa miezi mitatu. Bwana Toby atatembea, ingawa na fimbo. Na mkaguzi ameandika amri kwamba kampuni ikifunguliwa, kile kibao kiandikwe Kiswahili pia, herufi kubwa: MADEBE MANANE, BASI.

"Na Kimaiyo?" Darweshi akauliza.

"Bado. Barua yake bwana hajabadilisha."

"Ana nakala ya haya?"

"Hana."

"Utamwandikia moja kwa mkono wako, uipeleke Olenguruone," Safiyo akasema. Hakuuliza.

Masinde akakubali. Akaishika ile karatasi, akaitazama kwa jicho la karani. "Ndugu Darweshi, ninyi mnajitesa. Angalia. Kosa lako liko juu, mistari mitano. Chini pote ni mazuri: amesema kweli, amemtoa rubani. Nikikata hapa kwa wembe, unabaki na barua safi kabisa."

Darweshi akaiangalia ile mistari mitano. Safiyo alimwona anavyoiangalia. Alikuwa amechoka, viatu vyake vilikuwa vimeanza kucheka.

"Karatasi iliyokatwa, mtu wa kwanza anauliza kipande kingine kiko wapi," Safiyo akasema.

"Wengi hawaulizi, shemeji."

"Yule Bwana wenu alikata ukurasa. Baba Nuria, na wewe unataka kukata?"

Darweshi akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, nzima. "Jumatatu nitaanzia upande wa stesheni," akasema.

*

Karibu na stesheni palikuwa na ghala la Seth Premji, mfanyabiashara wa Kihindi, mafuta ya taa na ngano na magunia mpaka darini. Seth alikuwa na meno mawili ya dhahabu na tabia ya kusoma kila kitu kwa kunong'ona. Safiyo alikuja naye Darweshi siku ile, kwa sababu alikuwa na nguo za kurudisha huko huko. Alibaki kwenye ngazi, kichwani furushi.

Seth akasoma. Alifika ile mistari mitano, akasimama, akamtazama Darweshi juu ya miwani.

"Hapa nasema wewe hapana jua hesabu."

"Soma mpaka chini, Seth."

"Mimi nauza kwa hesabu, wewe naleta karatasi nasema hesabu yako mbovu?"

"Sasa najua. Soma mpaka chini."

Seth akanong'ona mpaka chini. Akageuza karatasi kuona nyuma. Akasugua muhuri kwa kidole kuona kama ni wa kweli. Halafu akavuta droo, akatoa rundo la barua lililofungwa kamba.

"Unaona hii? Yote ni karani yangu ya zamani na mlinzi yangu ya zamani. Barua mzuri, mzuri, mzuri! Huyu, 'mwaminifu sana'. Sukari magunia sita. Huyu, 'mcha Mungu'. Baiskeli yangu!" Akazitupa ndani, akafunga droo kwa goti. "Mtu ya kuleta makosa yake mwenyewe mkononi, mimi bado kuona. Kesho saa moja. Nakaa mlangoni, nahesabu gunia nakwenda nje. Moja ikipotea, mimi najua wewe nasema."

Darweshi alikuwa tayari ameanza kuinama kushukuru.

"Mshahara ngapi?" sauti ikatoka kwenye ngazi.

Seth akachungulia nje. "Na huyo nani?"

"Ni mke wangu," Darweshi akasema, akanyooka.

"Yeye ndiye nataka kazi?"

"Hapana, Seth," Safiyo akasema, akalishusha furushi taratibu kwenye ngazi kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote. "Yeye ndiye anafanya kazi. Mimi nauliza mshahara."